Dakika tatu za mita tano: je, mzamiaji asimame hata kompyuta isipomdai?

Swali limetoka kwa kijana wa Wete anayefanya kazi Nungwi, nami nalifupisha hapa bila ya kuibadilisha maana yake: “Mwalimu, shikamoo. Mimi ni msaidizi wa kuwaongoza wageni wanaozamia kwa mitungi Mnemba, na siku nyingine Leven Bank, lile fungu la chini ya maji kaskazini ya Nungwi. Tumefundishwa kusimama mita tano kwa dakika tatu kabla ya kutoka juu, lakini kompyuta yangu ya kuzamia, ile ya kufunga mkononi, inaonesha wazi kwamba sijavuka muda unaoruhusiwa chini na sidaiwi kituo chochote, yaani kusimama popote wakati wa kupanda. Mkondo ukiwa mkali na mgeni anatetemeka kwa baridi, kuna haja gani ya kusubiri? Ami yangu kule Pemba anazamia majongoo bahari kwa mtungi tangu mimi sijaingia skuli, hasimami popote, na ni mzima, isipokuwa bega tu linamsumbua. Je, dakika hizi tatu ni sayansi, au ni desturi ya walimu?”

Marahaba, mwanangu. Usimame, katika kila mzamo uliopita mita kumi, na uache kufanya hivyo katika hali chache tu ambazo nitazitaja. Lakini mtu anayesimama kwa sababu ameamriwa ataacha kusimama siku ambayo hakuna anayemwona, kwa hivyo nieleze kwanza kinachotendeka mwilini, ndipo tuje kwenye mkondo, baridi na ami yako.

Juu ya maji tunabeba mgandamizo wa angahewa moja, na kila mita kumi za maji ya bahari huongeza angahewa nyingine moja, hata ukifika mita 30 unakuwa chini ya angahewa nne. Kifaa cha kupumulia hukupa hewa yenye mgandamizo ule ule wa maji yanayokuzunguka, na kwa kuwa karibu asilimia 78 ya hewa hiyo ni naitrojeni, ambayo mwili hauitumii kwa kazi yoyote, gesi hiyo huyeyuka katika damu na kupelekwa mwili mzima. Viungo havijai kwa kasi moja. Ubongo na uti wa mgongo, ambavyo hupitiwa na damu nyingi, hupokea haraka na kutoa haraka, ilhali mafuta na sehemu za maungio hupokea polepole na kutoa polepole. Unapopanda, naitrojeni inarudi kwenye damu na kutolewa mapafuni kwa pumzi. Ukipanda kwa kasi kuliko mapafu yanavyoweza kuitoa, sehemu yake hugeuka viputo humo humo mwilini.

Sasa zingatia jambo ambalo wengi hulisikia darasani na kulisahau baharini: mita za chini na mita za juu hazina uzito mmoja. Kutoka mita 30 hadi mita 20 mgandamizo unashuka kutoka angahewa nne hadi tatu, yaani robo. Kutoka mita kumi hadi juu unashuka kutoka mbili hadi moja, yaani nusu, ingawa umbali ni ule ule. Mabadiliko makubwa kabisa ya safari nzima yamo katika mita za mwisho, pale ambapo mgeni ameshaliona jua na boti, na mapezi yake yanaanza kupiga kwa haraka bila ya yeye kujua. Ukisimama mita tano, mgandamizo umeshuka kiasi cha kuifanya naitrojeni itoke kwa wingi kwa pumzi, lakini bado uko wa angahewa moja na nusu, unaovizuia viputo kukua. Tena kusimama huko kunalinda mapafu, kwa sababu mtu aliyezuia pumzi mita tano akapanda hadi juu, hewa iliyomo kifuani mwake hutanuka kwa nusu nzima ya ujazo wake, na mapafu huweza kupasuka. Mtu aliyesimama, akatulia, akavuta pumzi kwa utaratibu, ni nadra kufanya kosa hilo.

Umeuliza kama ni sayansi. Mwaka 1908, John Scott Haldane wa Uingereza na wenzake wawili, Boycott na Damant, walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa mbuzi ndani ya chemba ya mgandamizo, yaani chumba kilichofungwa ambamo mgandamizo huongezwa na kupunguzwa, na humo ndimo zilimotoka jedwali za kwanza za kupanda kwa vituo. Haldane aliona kwamba mbuzi waliokaa muda mrefu katika angahewa mbili hawakuonesha dalili hata waliporudishwa moja kwa moja kwenye angahewa moja, akahitimisha kwamba hadi hapo hakuna viputo. Miongo kadhaa baadaye, vifaa vya kusikiliza damu kwa mawimbi ya sauti vilionesha kwamba viputo huwepo hata kwa watu wasiohisi chochote. Katika miaka ya 1970, Andrew Pilmanis, aliyefanya utafiti katika kisiwa cha Catalina huko California, aliwasikiliza wazamiaji waliokaa dakika 25 kwenye kina cha mita 30 hivi: waliopanda moja kwa moja walikuwa na viputo vingi, na walipoongeza kituo cha dakika mbili tu karibu na uso wa maji, viputo vilipungua sana. Kuwa na viputo si sawa na kuwa mgonjwa, na wapo wenye viputo vingi ambao hawakuugua kamwe. Hata hivyo, kadiri vinavyozidi ndivyo hatari inavyozidi, na mimi sijaona njia nyingine ya kuvipunguza iliyo rahisi kama hii.

Kuhusu kompyuta, nakuomba uelewe inafanya nini hasa, kwa sababu hapo ndipo swali lako lilipojikita. Kifaa hicho hakikupimi wewe. Kinapima kina na muda, kisha kinakisia kwa hesabu kiasi cha naitrojeni ambacho mwili wa kubuni ungekuwa nacho. Nyingi ya kompyuta hizi zinafuata kazi ya Albert Bühlmann wa Zürich, aliyeugawa mwili katika makundi 16 ya kihesabu, la kwanza likijaa kwa dakika chache na la mwisho kwa saa nyingi. Ni kazi kubwa na naiheshimu. Lakini hesabu hiyo haijui kwamba umebeba mitungi ufukweni tangu alfajiri, wala kwamba hukulala vizuri, wala kwamba mgeni wako ana miaka sitini na alishinda juani jana bila ya kunywa maji. Haijui, zaidi ya hayo, jinsi moyo wako ulivyo. Karibu mtu mmoja katika kila wanne ana upenyo mdogo kati ya vyumba viwili vya juu vya moyo, ambao ulipaswa kuziba baada ya kuzaliwa na haukuziba kabisa, na wengi wao huishi na kufa bila ya kujua. Kwa mtu huyo, viputo ambavyo vingechujwa na mapafu vinaweza kuvuka hadi upande wa damu inayokwenda kwenye ubongo na uti wa mgongo. Ndiyo sababu madaktari wa wazamiaji huwatibu watu wengi ambao kompyuta zao hazikuonesha kosa lolote.

Kompyuta inaposema hudaiwi kituo, basi, inakuambia kwamba kwa wastani wa watu hatari ni ndogo. Haikuambii kwamba kwako leo hatari haipo. Wewe ni mtoto wa kisiwa na unajua kwamba nahodha mwenye akili hapitishi mashua juu ya fungu kwa sababu tu hesabu ya maji inasema yatatosha kwa shubiri moja. Huacha nafasi kwa wimbi ambalo hakulitarajia. Zile dakika tatu ndizo nafasi hiyo.

Wapo watakaokuambia kwamba ni bora kusimama mbali zaidi chini, kwenye nusu ya kina ulichofika. Fikra hiyo ilienea sana miaka ya nyuma, na kwa mantiki ilionekana nzuri. Jeshi la Wanamaji la Marekani liliijaribu kwa watu, likilinganisha ratiba mbili za kupanda zenye muda sawa kutoka kina cha mita 52 hivi, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2011 yalikuwa haya: kwa ratiba yenye vituo vya kina walipata maradhi watu 11 katika mizamo 198, na kwa ratiba yenye vituo vya juu watu watatu katika mizamo 192. Sababu ni kwamba wakati unaposimama chini, viungo vinavyojaa polepole bado vinaendelea kupokea gesi. Kina kile hakihusiani na kazi yako, lakini funzo lake linakuhusu: muda wa kusubiri utumie juu, kwenye mita tano.

Na gharama yake ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Mtu aliyetulia hutumia hewa kama lita 20 kwa dakika akiwa juu ya maji, yaani lita 30 kwa dakika akiwa mita tano, na kwa dakika tatu ni lita 90. Mtungi wa alumini ambao unatumika sana Unguja una ujazo wa lita 11 hivi, kwa hivyo kituo kizima kinakula kama ba nane (ba ni kipimo cha mgandamizo, karibu sawa na angahewa moja) katika mtungi ulioanza na ba 200. Mgeni ambaye hana ba nane za kusimamia amechelewa kupanda, na hapo lawama ni ya kiongozi aliyempangia mzamo.

Nije sasa kwenye mkondo. Pale Mnemba, na zaidi Leven Bank na kwenye ncha ya Kigomasha, kaskazini ya Pemba, maji ya bamvu hukimbia kwa nguvu ambayo hakuna mzamiaji anayeweza kushindana nayo, na hapaswi kujaribu. Kituo hakihitaji ung’ang’anie mwamba wala kamba ya nanga. Unachukuliwa na maji pamoja na kundi lako, mkikaa kina kimoja, na kwa kuwa mnakwenda na maji, hamhisi mkondo hata kidogo. Hatari iliyopo ni ya kupotezana na boti, na dawa yake ni boya la kuashiria: litume juu kwa uzi wake ukiwa bado kwenye kina kinachozidi mita tano kidogo, nahodha alione, akufuate kwa mbali, na mashua nyingine zijue kwamba chini kuna watu. Kiongozi asiye na boya na uzi asiingie maji ya Leven Bank kabisa. Mpange na nahodha kabla ya kushuka, mkubaliane mtatokea upande gani na baada ya muda gani. Na siku za bamvu kali hamisha mzamo uwe karibu na wakati maji yanapotulia, au subirini maji mafu.

Kama mgeni wako anashindwa kutulia mita tano, anapanda na kushuka kama kishada, tatizo kwa kawaida ni risasi, yaani vile vipande vya uzito vya kwenye mkanda. Mtungi wa alumini uliojaa huzama, lakini ukikaribia kwisha huelea na kumvuta mtu juu kwa karibu kilo mbili, na kama mkanda ulipangwa kwa mtungi uliojaa, hapo ndipo upungufu unapoonekana. Mpime mgeni mwishoni mwa mzamo wa kwanza, akiwa mita tano na mtungi wenye ba 50: ukitoa hewa yote katika jaketi lake la kuelea, abaki pale pale bila ya kupiga pezi. Kazi hii ya dakika mbili itakuokoa na tabu ya wiki nzima.

Baridi, kwa upande wake, ni hoja ya kinyume na vile ulivyoitumia. Wakati wa kusi, joto la maji yetu hushuka hadi karibu nyuzi 25, na mgeni mwembamba akikaa dakika 50 ataanza kutetemeka. Mwili uliopoa hupunguza damu inayokwenda mikononi na miguuni, na kwa hivyo naitrojeni iliyomo huko hutoka polepole zaidi. Mtu huyo ndiye anayekihitaji kituo kuliko wenzake. Fupisha muda wa chini, mpandishe dakika kumi mapema, mpe vazi nene zaidi kesho, lakini dakika tatu zake usizipunguze.

Hali za kuacha kituo ni hizi: hewa imekwisha au inakaribia kwisha na hakuna wa kukugawia, mtu amepoteza fahamu au anahitaji msaada wa haraka juu, au kukaa pale kuna hatari iliyo wazi, kama mawimbi yanayowasukuma kwenye mwamba. Kituo cha usalama si kituo cha lazima, na hakuna sababu ya kufa maji kwa ajili yake. Ukikikosa, usirudi chini kukilipa. Kaa juu, pumzika, kunywa maji, jichunguze, na uache mzamo wa pili wa siku hiyo.

Kwa nyinyi viongozi nina jambo ambalo haliwahusu sana wageni. Mgeni anazamia mara mbili, kesho anakwenda kuangalia kima punju Jozani. Wewe unazamia kila siku ya msimu, na juu ya hayo unafanya mambo ambayo hesabu za kompyuta haziyapendi: unapanda na mgeni aliyeishiwa hewa kisha unarudi kwa kundi, unashuka kufungua nanga iliyonasa, unarudia zoezi la kupanda kwa dharura na wanafunzi mmoja baada ya mwingine. Kila kupanda huko ni kupanda kamili kwa mwili wako. Panga wasaidizi wawili ili mmoja apande asirudi, fanya kazi ya nanga mwanzoni mwa mzamo na si mwishoni, anza na kina kikubwa kisha kidogo, na weka kompyuta yako kwenye kiwango cha tahadhari zaidi kuliko alivyoiweka mwenye kampuni ya kuzamia. Kasi ya kupanda isizidi mita tisa kwa dakika, na zile tano za mwisho, baada ya kituo, zichukue dakika nzima, kwa sababu wengi husimama kwa uaminifu kisha hutoka kama chupa iliyoachiwa. Ukifika botini, toa mtungi kwanza, upokewe, ndipo upande ngazi. Kujivuta kwa nguvu na mzigo mgongoni dakika ile ambayo viputo vinaundwa si jambo jema. Siku moja katika wiki usizamie kabisa.

Mwezi wa Ramadhani unahitaji utaratibu wake. Upungufu wa maji mwilini ni miongoni mwa mambo tunayoyahesabu kuwa yanaongeza hatari, na kiongozi aliyefunga hawezi kunywa baada ya mzamo. Najua kwamba kazi haisimami na mgeni analipa. Wenye kampuni za kuzamia wawapangie waliofunga mizamo ya asubuhi, mmoja kwa siku na usio wa kina, na wale wasiofunga wachukue ya pili. Kunywa vya kutosha wakati wa daku, na ukiona mkojo umekuwa wa rangi nzito kabla ya adhuhuri, mwambie mwenye kampuni kwamba leo hushuki.

Ndege nitaipitia kwa ufupi. Baada ya mzamo mmoja usiodai kituo cha lazima subiri angalau saa 12, baada ya mizamo mingi au ya siku kadhaa angalau saa 18, na zaidi ya hapo ikiwa ulidaiwa vituo vya lazima. Mwambie hivyo hivyo mgeni anayekwenda Arusha, maana mji wenyewe uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, achilia mbali Kilimanjaro.

Nimemwacha ami yako mwisho kwa sababu ndiye aliyenitia wasiwasi. Majongoo ya maji mafupi yamevunwa sana, na wavunaji wameshuka kina zaidi kuyafuata, mtungi baada ya mtungi kwa siku moja, wengi bila ya kompyuta wala jedwali. Kwamba yu hai ni neema ya Mwenyezi Mungu, na si ushahidi wa usalama, kwa kuwa wale ambao miguu yao imekufa ganzi hawako baharini tena ili uwaulize. Miongoni mwa Wamiskito wa Nicaragua na Honduras, wanaozamia kamba koche kwa mitungi kwa namna hiyo hiyo, ni wengi waliopooza. Mfikishie ami haya. Maumivu ya maungio, ganzi, madoa kwenye ngozi, uchovu usio wa kawaida, kizunguzungu, miguu kukosa nguvu au kushindwa kukojoa, yakitokea ndani ya saa 24 baada ya kuzamia, yahesabiwe kuwa ni maradhi ya mgandamizo mpaka daktari aseme vingine. Mgonjwa alazwe, apewe oksijeni tupu kama ipo, apewe maji kama ana fahamu, na utafutwe msaada wa chemba ya mgandamizo, ambamo tiba ya kawaida huanza kwenye mgandamizo wa mita 18 na huchukua karibu saa tano. Asirudishwe baharini na mtungi ili maumivu “yashuke”, kama baadhi ya wavuvi wanavyofanya. Maumivu yanaweza kutulia akiwa chini, lakini anaongeza naitrojeni mpya juu ya ile iliyomuumiza, na akipoteza nguvu za miguu huko atakufa maji.

Na lile bega usilichukulie kuwa ni baridi yabisi. Kwa watu waliozamia kwa miaka mingi bila ya vituo, mfupa wa bega au wa nyonga huweza kufa sehemu yake kwa kukosa damu, na mwanzoni dalili yake huwa ni maumivu tu yanayokuja na kuondoka. Mpeleke hospitali, Chake Chake au Mnazi Mmoja, apigwe picha ya bega na ya nyonga pia, na wewe mwenyewe uingie naye kwa daktari umweleze kwamba mzee huyu anazamia kwa mtungi, kina gani na mara ngapi kwa siku, kwa sababu daktari asiyeambiwa hilo hatakuwa na sababu ya kulifikiria.